Kwa nini TANZAM inapanda Kitonga badala ya kufuata reli?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Mimi ni dereva wa semi, nimehamishwa kutoka safari za Tanga kwenda za Tunduma. Kwenye ramani naona TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, imekata bonde la Kilombero mpaka Makambako, ila TANZAM, barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia, inazungukia Iringa na kutupandisha mlima Kitonga. Kwa nini wajenzi hawakufuata reli? Na njia yote inapita mikoa gani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na mlima, maana ndio ulioamua mengi.

Ukitoka Mikumi, mbele yako umesimama ukuta wa Udzungwa. Kwenda Mbeya lazima uupande mahali fulani, na hapo ndipo treni na lori vinapoachana. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halina mshiko wa tairi juu ya lami, kwa hiyo reli nzito kama ile husanifiwa kwa mwinuko wa kama mita 2 kwa kila mita 100. Lori lenye mzigo huweza kupanda mita 7 au 8 kwa umbali huohuo, kwa kuguna. Sasa piga hesabu: kupanda mita 600, barabara inataka kilomita 8 hivi, reli inataka 30. Kitonga ni kilomita 10 hivi za kona kona. Treni ingepata wapi nafasi pale? Ndiyo maana waliojenga TAZARA kati ya 1970 na 1975 waliipeleka kusini kupitia Ifakara na Mlimba, kisha wakaipandisha taratibu hadi Makambako kwa madaraja na mahandaki. Kipande hicho cha Mlimba hadi Makambako ndicho kilichowatoa jasho kuliko vingine vyote.

Barabara nayo ilikuwa na sababu zake. Njia ya udongo kupitia Iringa ilikuwapo tangu ukoloni. Rhodesia (Zimbabwe ya leo) ilipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia, iliyokuwa ikipitishia mizigo yake huko, ikabanwa upande wa kusini, na malori ya mafuta na shaba yakaanza kumiminika kwenye udongo ule, vumbi kiangazi, tope masika. Lami ilihitajika haraka. Kuanza upya Kilombero kungemaanisha kujenga tuta refu kwenye bonde linalofurika, na bado Udzungwa ungekungoja mwisho wa safari. Kwa maoni yangu waliamua vizuri: barabara tofauti na reli ilihudumia watu tofauti, na leo ndiyo inayobeba vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, nyanya za Ilula na mbao za Mafinga.

Mikoa ni saba: Dar es Salaam, Pwani, Morogoro, Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe. Ukishika ramani ya zamani utaona mitano, kwa sababu Njombe ilimegwa kutoka Iringa mwaka 2012 na Songwe kutoka Mbeya mwaka 2016. Chalinze unaijua, ndipo ulipokuwa ukikata kulia kwenda Segera. Sasa utanyoosha. Msamvu, Morogoro, kulia ni Dodoma. Mikumi, ukishamaliza hifadhi, kushoto ni Kidatu na Ifakara. Hifadhini barabara inakatiza kama kilomita 50, na usiku tembo na nyati hawaonekani mpaka uwe umewafikia, kwa hiyo fuata vibao vya mwendo. Daraja la Ruaha Mkuu pale Ruaha Mbuyuni ndilo linalokuingiza Iringa. Mji wa Iringa wenyewe uko juu kilimani, wewe unapita chini, Ipogoro. Makambako, kushoto ni Njombe na Songea, na hapo reli inakuja kuungana na njia yako. Uyole, kushoto ni Tukuyu na mpaka wa Malawi. Tunduma, kulia ni Sumbawanga, mbele ni Zambia.

Kitonga yenyewe inataka heshima zaidi wakati wa kurudi kuliko wa kwenda. Kupanda, injini ikichoka utasimama. Kushuka na kontena la shaba mgongoni, breki zikichemka hakuna wa kukusimamisha. Kabla ya kuanza kuteremka simama, kagua upepo wa breki na uguse ringi kama zina joto. Chagua gia nzito ukiwa bado juu, ile ambayo ungepandia mlima huohuo, uache breki ya injini ifanye kazi. Breki ya mguu ikanyage kwa vipindi, usiikalie. Na kamwe usitoe gia ili kuokoa mafuta.

Usidhani pia kwamba ukimaliza Kitonga umemaliza milima. Baada ya Makambako barabara inashuka hadi Igawa na Chimala, pembezoni mwa bonde la Usangu, kisha inapanda tena kuelekea Uyole, ambako reli yenyewe inafikia kilele chake, karibu mita 1,790 juu ya bahari. Inyala, Iwambi na Senjele ni miteremko mifupi kuliko Kitonga, na dereva huifikia akiwa amechoka. Lala Makambako au Igawa, uianze asubuhi.