Pesa Yako Iko Chini ya Sheria Ipi?

Laki sita ulizoweka benki pale Kenyatta Avenue, Nakuru, na laki sita ulizoweka kwenye sacco, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, hazina ulinzi sawa. Benki inakuhesabu kuwa mteja aliyeweka amana. Sacco inakuhesabu kuwa mwanachama, yaani mmoja wa wenyewe. Tafadhali ijue tofauti hiyo kabla hujatia sahihi popote.

Tuanze na benki. Amana inakingwa na Shirika la Bima ya Amana la Kenya, KDIC. Tangu Julai 2020 kiwango ni shilingi 500,000 kwa kila mteja katika kila benki. Kinachohesabiwa ni mteja, si akaunti. Akiba, akaunti ya hundi na amana ya muda maalum zote zinajumlishwa, na tawi la Nakuru na la Naivasha ni benki ileile. Benki ikifa ukiwa na 600,000, utalipwa 500,000, na laki iliyobaki itangoja mali ya benki iuzwe. Hilo huchukua miaka. Imperial Bank ilipofilisika na kuwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa mali yake, mwaka 2015, kinga ilikuwa 100,000 tu. Kwa hiyo ukipita nusu milioni, fungua akaunti benki nyingine kabisa.

KDIC haigusi sacco. Huko msimamizi ni SASRA, mamlaka ya serikali ya kusimamia sacco, ambaye hutoa leseni kwa sacco zenye FOSA, yaani dirisha la kuweka na kutoa pesa kama benki, na kibali kwa zisizo na FOSA ambazo akiba yake imepita milioni 100. Orodha ya zilizoruhusiwa huchapishwa kila mwaka. Itafute jina la sacco yako humo. Ulinzi wako mkubwa ni kura yako kwenye mkutano mkuu, nao hupotea ukienda kwa ajili ya soda na nauli pekee. Chukua kitabu cha hesabu, simama, uliza: gawio hili limetoka kwenye ziada ya mwaka au tumelikopa? Mikopo isiyolipwa ni asilimia ngapi? Mwenyekiti akikwepa swali la kwanza, anza kuwa na wasiwasi.

Anayeumia kimyakimya zaidi ni mdhamini. Mwalimu wa Kakamega anamtilia mwenzake sahihi kwa heshima, fomu haina kiasi, halafu mkopaji anahama kazi. Akiba ya mdhamini inakatwa, na hata akitaka kujitoa kwenye sacco haachiliwi hadi mkopo uishe au apatikane mwingine wa kushika nafasi yake. Usitie sahihi pahali ambapo kiasi hakijajazwa. Andika mwenyewe, kwa tarakimu na kwa maneno, kiasi unachodhamini, kisha ipige fomu picha kabla haijaondoka mkononi.

Mikopo ya simu ina kanuni zake za Benki Kuu, zilizotoka Machi 2022. Mkopeshaji haruhusiwi kukutisha, kukutukana, kukuaibisha hadharani wala kuwapigia watu walio kwenye orodha ya simu yako kwa sababu umechelewa kulipa. Wengine hukuonyesha cheti cha usajili wa kampuni. Hicho si leseni! Leseni hutoka Benki Kuu, na majina ya waliopewa yako kwenye tovuti yake. Shemeji yako akipigiwa kuhusu deni lako, mwombe apige picha ya skrini inayoonyesha namba, tarehe na saa, na asifute kitu. Peleka malalamiko mawili: Benki Kuu kuhusu mwenendo wa mkopeshaji, na kwa Kamishna wa Kulinda Data kuhusu namba za watu zilizochukuliwa.

Kwa mkopo wa benki, shika kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki. Mkopo ukishaharibika, kwa kawaida baada ya siku 90 bila malipo, riba haiwezi kupita deni la msingi lililokuwepo siku hiyo. Kama lilikuwa 80,000, riba inakomea 80,000, ukiongeza gharama za kudai. Omba taarifa ya akaunti tangu mwanzo, tafuta tarehe hiyo, piga hesabu mwenyewe. Kabla ya kukupeleka CRB, yaani shirika linalotunza rekodi za wakopaji, lazima wakupe notisi ya siku 30, na deni lisilofika shilingi 1,000 halipelekwi.

Pesa za unit trust, yaani mfuko wa uwekezaji wa pamoja, ni uwekezaji chini ya CMA, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Bei ikishuka, hakuna anayekufidia. Nayo chama yenu ya kuchangiana akiba pale Kondele, Kisumu, haina msimamizi wa fedha anayeikagua, kwa hiyo katiba yenu na kumbukumbu za mikutano ndizo kinga yenu.

Lalamiko lolote lianze kwa barua kwa taasisi yenyewe, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Msimamizi hulitaka hilo kwanza. Kama ni kudai pesa zisizozidi milioni moja, kuna Mahakama ya Madai Madogo, Nakuru na Kisumu pia. Huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Nenda na mkataba, jumbe za simu zilizochapishwa na ile barua yenye muhuri.