Hippopotamus "anaishi" au "linaishi"?

Swali: Ninaandika makala kuhusu wanyama. Niliandika "jina la Kilatini la kiboko", mhariri akafuta na kuweka "jina la kisayansi". Nikaandika "Hippopotamus amphibius linaishi majini", akageuza kuwa "anaishi". Nani yuko sahihi?

Jibu: Mhariri wako, mara zote mbili, ingawa kosa la pili ninalielewa.

Mtindo wa kumpa mnyama jina la maneno mawili, la kwanza la jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) na la pili la kutofautisha spishi, yaani aina moja ya kiumbe, na ndugu zake, huhesabiwa tangu 1758, mwaka wa toleo la 10 la Systema Naturae la Msweden Carl Linnaeus. Yeye aliandika kwa Kilatini, na mpaka leo majina hayo huvishwa vazi la Kilatini. Lakini vazi si mwili. Hippopotamus ni Kigiriki: hippos ni farasi, potamos ni mto. Amphibius nalo asili yake ni huko huko, likimaanisha mwenye maisha ya pande mbili, majini na nchi kavu. Na tazama Rungwecebus kipunji, tumbili wa Tanzania aliyetambulishwa kwa wanasayansi mwaka 2005: Rungwe ni mlima, cebus chanzo chake ni neno la Kigiriki la tumbili, na kipunji ndivyo wenyeji walivyokuwa wakimwita tangu zamani. Kilatini kiko wapi hapo?

Wala usilichukulie jina kama maelezo ya mnyama. Farasi wa mto! Aliyeliunda sijui alikuwa akimtazama farasi gani. Linnaeus mwenyewe alimwita ndege mmoja wa peponi Paradisaea apoda, yaani asiye na miguu, kwa kuwa ngozi zilizofika Ulaya zilikuwa zimekatwa miguu. Ndege ana miguu yake miwili kama wenzake, lakini jina limebaki, maana kanuni za majina ya kisayansi haziruhusu jina libadilishwe kwa sababu tu halimfai mwenyewe.

Sasa upatanisho. Kiswahili hutazama kinachotajwa kabla ya umbo la neno. Kiboko mnyama amezama. Kiboko cha kuchapia kimekatika. Neno ni lile lile. Basi Hippopotamus amphibius akiwa ndiye mnyama, anaishi, anazaa, anakula nyasi usiku. Ukilizungumzia jina, "li" yako inarudi: "Jina Hippopotamus amphibius lilitolewa 1758." Ukitanguliza "spishi", sema "spishi hii inaishi".

Nyongeza ambayo hukuuliza: H iwe kubwa, a ya amphibius iwe ndogo hata kwenye kichwa cha habari, na yote mawili yaandikwe kwa herufi za mlazo. Usiyaswahilishe. "Hipopotamasi amfibiasi" nimeshaiona ikichapishwa, na hakuna mtaalamu wa wanyama atakayeitambua.