Desmodiamu haifanyi kazi ikiwa kwenye chupa

SWALI: Mtaalamu, nusu ekari yangu ya mahindi ina vipekecha shina na kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi. Muuzaji mmoja ana dawa ya maji ya desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, anasema ndiyo "ile ya Profesa Khan", nipulizie mara mbili tu. Ninunue?

JIBU: Usinunue. Zeyaur Khan, mtaalamu wa wadudu kutoka India, alijiunga na ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu nchini Kenya, mwaka 1993. Akiwa kituo cha Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, akishirikiana na John Pickett wa Rothamsted, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Uingereza, alipima mamia ya aina za mimea kutafuta zinazomvuta nondo wa kipekecha na zinazomkimbiza. Kilichopatikana ni namna ya kupanda, vuta-sukuma. Napia, nyasi ndefu ya malisho, ikipandwa ukingoni humvuta nondo akatage huko. Mabuu yakianza kutoboa, hunaswa na utomvu wake na mengi hufa. Desmodiamu iliyo hai kati ya mistari humfukuza kwa harufu.

Kiduha nacho hushindwa chini ya ardhi. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoziotesha mbegu za kiduha, kisha kuzizuia zisijishike kwenye mzizi wa muhindi, zikafa. Mbegu hizo hukaa udongoni zaidi ya miaka 10. Ukipulizia majani mara mbili umezifikiaje?

Panda mahindi kwa sentimita 75 kwa 30. Katikati ya kila mistari miwili chimba kifereji cha sentimita 1 hadi 2, mwaga mbegu ya desmodiamu iliyochanganywa na mchanga laini. Nusu kilo inakutosha. Palilia kwa mkono wiki ya 3 na ya 5, maana miche yake ni midogo na jembe huipitia kama magugu. Napia iwe mistari 3 kuzunguka shamba, na usiikate yote siku moja: nondo atarudi kwenye mahindi.

Wanaolalamika kwamba mpango huu haufai, wengi wameng'oa desmodiamu baada ya msimu mmoja, wakati ndio kwanza inashika. Wengine hupulizia sumu juu yake. Mabuu yakishaingia ndani ya shina sumu haiyapati. Wanaokufa ni nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mabuu hayo na kuyaua bila wewe kulipa chochote. Kila anayekuuzia njia ya mkato anakuuzia hasara hiyo.

Kama mbegu ni ghali, omba vipande vya shina la desmodiamu vyenye vifundo kwa jirani, uvifukie mvua zikianza.