Kabla ya Kupiga Windows Upya, Badilisha Betri ya Mazabodi

Unawasha kompyuta ya mezani asubuhi, skrini inaleta maandishi meupe kwenye weusi: "CMOS Checksum Error", kisha inakutaka ubonyeze F1. Ukibonyeza, Windows inafunguka, ila saa ya pembeni inaonyesha usiku wa manane wa tarehe 1 Januari 2009. Ukiingia intaneti, tovuti ya benki inagoma, ya kodi inagoma, hata barua pepe haifunguki. Mwenye kompyuta anaipakia kwenye boda hadi kwa fundi. Akiangukia fundi mbaya, anaambiwa mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) imekufa, au anapigiwa Windows upya na faili zake zinapotea.

Hapa Arua, Uganda, kompyuta za namna hiyo zinanifikia mara kwa mara, na linaniuma jambo hili kwa sababu dawa yake mara nyingi ni betri moja ya duara, CR2032, ambayo bei yake haiko mbali na ya rolex (chapati ya kuviringisha) ya mayai mawili.

Kazi ya betri hiyo ni kuendesha saa ya kompyuta na kutunza mipangilio ya bayosi (programu ndogo inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows) wakati umeme haupo. Ikiisha nguvu, kompyuta inasahau tarehe. Na tovuti zote zenye ulinzi zinatumia vyeti vya utambulisho vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa hiyo kompyuta inayoamini tuko 2009 inaviona vyeti vya leo kuwa havijaanza kazi, inavikataa. Intaneti yako haina tatizo lolote. Dell za zamani huandika "Time-of-day not set", na HP huleta namba 163 pamoja na maneno "Time & Date Not Set". Maana ni ile ile.

Watu huniuliza kwa nini betri hizi zinatuishia mapema. Sababu kubwa ni jinsi tunavyotumia umeme. Kompyuta ikizimwa huku waya wake ukiwa bado ukutani na swichi imewashwa, pawasaplai (kifaa cha ndani kinachogawa umeme) huendelea kuipa mazabodi umeme kidogo, na betri inapumzika. Kompyuta nyingi tunazonunua mitumba zilitoka kwenye ofisi za nje ambako waya hauchomolewi mwaka mzima. Huku kwetu kila jioni tunachomoa, kwa sababu umeme ukirudi ghafla usiku unaweza kuunguza vitu. Wanaotumia sola wanazima inveta wakilala. Shule zikifunga, maabara nzima inakaa gizani mpaka muhula mwingine. Muda wote huo betri ndiyo inayobeba saa peke yake. Betri mpya ina uwezo wa kama mAh 225, na saa ya kompyuta hunyonya mikroampea chache tu, kwa hiyo hata ikiachwa peke yake inaweza kufika miaka kadhaa. Lakini kompyuta ya mtumba inafika kwako na betri iliyokwisha kuzeeka. Endelea kuchomoa, ni tabia njema. Ila ukinunua deskitopu iliyotumika, badilisha betri siku hiyo hiyo, usingoje iseme 2009.

Kabla hujafungua sanduku, kama mipangilio bado ipo, ingia kwenye bayosi (Dell ni F2, HP ni F10, Lenovo nyingi ni F1) na upige picha kila ukurasa kwa simu. Ukurasa wa muhimu kuliko yote ni ule wa SATA (njia ya kuunganisha diski), unaoonyesha kama diski inasomwa kwa AHCI, RAID au IDE. Betri ikitolewa, bayosi inaweza kurudi kwenye mpangilio wa kiwandani, na kwenye Dell OptiPlex nyingi mpangilio huo ni RAID. Kama Windows yako iliwekwa kwa AHCI, itaanza kuwaka, italeta skrini ya buluu, itajizima na kuanza tena, bila mwisho. Diski nzima nzima zimewahi kutupwa kwa ajili ya hilo! Kama mipangilio imeshapotea na huna picha, rudi bayosi, jaribu AHCI, isipokubali jaribu nyingine, mpaka Windows ifunguke.

Sasa zima, chomoa waya wa umeme, halafu ubonyeze kitufe cha kuwasha kwa sekunde chache ili umeme uliobaki ndani uishe. Wapo wanaobadilisha huku waya ukiwa umechomekwa ili wasipoteze mipangilio. Sikubaliani nao: bisibisi ikiteleza juu ya mazabodi yenye umeme, hasara yake ni kubwa kuliko dakika za kupanga bayosi upya. Gusa chuma cha sanduku kwanza, kisha fungua ubavu wake na upulize vumbi, maana vumbi letu la kiangazi hujaa humo hata betri isionekane. Iko bapa kama sarafu, mara nyingi karibu na nafasi za kadi. Kwenye masanduku membamba inaweza kujificha chini ya kizimba cha diski. Pembeni mwake kuna kilimi kidogo cha chuma. Kisukume nje kwa ukucha, betri itaruka yenyewe. Usiibanjue kwa nguvu kutoka upande mwingine, soketi itavunjika. Ile mpya iingie upande wenye maandishi na alama ya kujumlisha ukiwa juu, uisikie ikilia "tik".

Dukani, soma namba. CR2025 ina upana ule ule wa milimita 20 lakini unene wake ni 2.5, wakati CR2032 ni 3.2, hivyo ile nyembamba inacheza kwenye soketi. LIR2032 ni ya kuchajiwa na voltiji yake ni kubwa zaidi, iache. Usichukue zilizomwagwa kwenye kopo zikigusana, zinamalizana nguvu humo humo. Kama muuzaji ana mita, mwambie apime: mpya inapaswa kuzidi volti 3, na ikishuka chini ya 2.8 imechoka.

Ile ya zamani izungushie utepe wa gundi pande zote mbili na uiweke mbali na watoto. Nasema hili kwa uzito wote: mtoto akimeza betri ya ukubwa huu inaweza kukwama kooni na kuunguza nyama ndani ya saa mbili. Ikitokea, kimbilieni hospitali hapo hapo, msingoje dalili.

Ukiwasha, panga tarehe na saa ndani ya bayosi, kisha ndani ya Windows chagua majira ya Nairobi, UTC+3, kwa sababu Kampala haimo kwenye orodha yake. Andika mwezi na mwaka kwa kalamu ya wino mzito ndani ya mfuniko.

Saa ikirudi nyuma tena siku inayofuata, fungua uangalie kama kilimi kinaibana betri sawasawa, na kama jampa (kikofia kidogo cha kuunganisha pini mbili) ya kufuta CMOS, yaani kumbukumbu ya mipangilio ya bayosi, haikuachwa kwenye pini zisizo zake. Vyote viwili vikiwa salama na betri inapima volti 3, hapo ndipo unapoweza kuanza kuishuku mazabodi yenyewe.