Riwaya za mapenzi na pilika za nyumbani

Dada yangu, umeuliza utawezaje kusoma riwaya za mapenzi na kuziandikia uhakiki ilhali una duka na mtoto anayenyonya, na wifi yako anasema huo ni upuuzi. Wifi mwache kwanza.

Muda usiusubiri, hauji wenyewe. Soma sura moja mtoto akilala. Ukikuta mahali palipokugusa, andika namba ya ukurasa na neno moja kwenye kikaratasi unachoalamishia: "wivu", "hapa sikuamini", "mama mkwe!". Ukimaliza kitabu, nusu ya uhakiki umeshaupata.

Chukua riwaya iitwayo Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, iliyotoka 1972. Usitusimulie kisa kizima cha Idi, Bahati na mali za Mwinyi. Tuambie kama ulielewa kwa nini Bahati anamwamini Idi, na ni maneno gani hasa yaliyokufanya uelewe au ukasirike. Hilo ndilo ninalotafuta mimi ninaposoma uhakiki: moyo wa msomaji na ushahidi wake. Na mwisho usiufichue, tafadhali, mtu katoa hela yake.

Kitabu kikikuchosha, kiweke chini bila kujilaumu, ila usikihakiki kwa sura tatu ulizosoma. Mwandishi anastahili zaidi ya hapo.

Maneno 200 yanatosha kabisa. Anza na riwaya uliyoirudia mara nyingi kuliko zote. Hiyo unaweza kuiandikia hata ukiwa dukani, wateja wakipungua.