Nilifunga ndoa komini Bujumbura, sasa bomani Kigoma wanataka hati ya talaka

BARUA: Shangazi shikamoo. Nina miaka 36, nauza dagaa Kibirizi. 2011 nilifunga ndoa Bujumbura na mwanaume wa huko, tulienda komini, yaani ofisi ya serikali ya mtaa kule, tukashika bendera tukaapa, ndugu zangu wa Ujiji walikuwepo. 2015 vurugu zilipoanza nikakimbia na wanangu wawili tukatokea Kagunga, yeye akasema atatufuata. Hakuja. Sasa yuko Uvira, Kongo, anaishi na mwanamke mwingine na wana watoto. Mwaka jana kanitumia sauti WhatsApp, kasema kuanzia leo mimi sio mke wake kila mtu ashike njia yake. Nimepata mwalimu wa Kasulu, mtu mwenye adabu, anataka tufunge bomani. Tulipoenda kuandikisha nikasema ukweli kwamba nilishaolewa, wakataka hati ya talaka. Mama anasema ndoa ya ng'ambo huku haihesabiki, niandike sijawahi kuolewa yaishe. Cheti chenyewe kilipotea safarini, hela ya kwenda kushtaki Bujumbura sina, na nina nyumba Gungu nimejenga kwa dagaa zangu naogopa ataidai. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole kwa hiyo miaka yote. Kwanza kabisa nikupe hongera kwa kusema ukweli pale bomani, maana wengi wangenyamaza, na naomba uendelee hivyo hivyo hata mama akikasirika. Namheshimu mama yako, anataka kukuona umetulia, lakini kwa hili kakosea na akikusukuma ukamsikiliza utaumia wewe sio yeye.

Iko hivi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania, ile ya mwaka 1971, inaitambua ndoa iliyofungwa nje ya nchi kama ilifuata taratibu za nchi husika, wote wawili mlikuwa na sifa za kuoana na mliridhia wenyewe. Nyie mlifunga komini mbele ya serikali, hamkutoroshana, hamkulazimishwa. Kwa hiyo ndoa yako ilivuka mpaka na wewe, mpaka leo we ni mke wa mtu kisheria hata kama huyo mtu hujamuona toka 2015. Na sheria hiyo hiyo inasema mwanamke mwenye ndoa hawezi kufunga nyingine mpaka ya kwanza ivunjwe, ukifunga hiyo ya pili ni batili, yaani haipo. Sasa fikiria mwalimu wako amefariki au mmegombana mali baada ya miaka kumi halafu ndugu zake wanatoa picha yako umeshika bendera komini. Na kudanganya kwenye taarifa ya kusudio la ndoa ni kosa la jinai, hiyo taarifa inatolewa siku 21 kabla na mtu yeyote anayejua anaweza kuweka pingamizi. Kigoma hii ndogo mwanangu, waliokuwepo siku ya harusi yako nusu yao wapo Ujiji.

Ile sauti ya WhatsApp usiifute, ihifadhi na sehemu nyingine mbali na hiyo simu, lakini usiichukulie kama talaka. Ndoa ya komini ya Burundi inavunjwa na mahakama, mume hana uwezo wa kuivunja kwa kutamka. Ile sauti ni ushahidi tu, tena ushahidi mzuri, kwa sababu anakiri kwa mdomo wake mwenyewe kwamba amekuacha.

Sasa jambo ambalo naona hakuna aliyekwambia, na ndilo linalokunyima usingizi bure: huna haja ya kwenda kushtaki Bujumbura. Mahakama zetu zinaweza kusikiliza shauri la talaka la ndoa iliyofungwa nje, kinachoangaliwa ni wewe unayeomba, kwamba makazi yako ya kudumu ni Tanzania au umeishi hapa angalau mwaka mmoja mfululizo kabla ya kufungua. Wewe ni mzaliwa wa hapa na umerudi toka 2015, umevuka hicho kigezo mbali sana. Utafungulia hapa hapa Kigoma, na kwa kuwa ndoa ni ya nje na mwenzio yuko Kongo ningependa uende mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi badala ya mahakama ya mwanzo, huko wamezoea zaidi mambo ya wito wa nje ya nchi.

Kabla hujafungua lakini kuna baraza. Sheria inataka mgogoro wa ndoa upite kwanza baraza la usuluhishi la ndoa, lile la kata au la dini, likishindwa kuwapatanisha linatoa cheti na hicho cheti ndio unaingia nacho mahakamani. Kuna watu wanasamehewa baraza, mmojawapo ni yule ambaye mwenzake anaishi nje ya Tanzania na hakuna dalili ataingia nchini ndani ya miezi sita. Mumeo ni kama yumo humo, lakini mi ningekushauri uende barazani hata hivyo, kwa sababu Uvira sio mbali, boti zinakuja, na hakimu anaweza kuuliza kwa nini usimuite. Mashauri mengi ya talaka nchi hii yamekuja kufutwa kwenye rufaa, mtu kashashinda kashaanza maisha yake, kwa sababu tu cheti cha baraza hakikuwepo au kilikuwa na kasoro. Nenda, waambie wamuite hata kwa namba yake ya simu, asipokuja waandike kwamba aliitwa na hakuja, uchukue cheti chako kina jina lako sahihi, jina lake sahihi, tarehe, sahihi na muhuri. Usome palepale kabla hujatoka mlangoni.

Kuhusu cheti cha ndoa kilichopotea. Komini wana daftari lao, na nakala inaombwa. Ubalozi mdogo wa Burundi upo hapa Kigoma mjini, anzia pale uulize utaratibu, au kama una shemeji au rafiki Bujumbura mnayeelewana umtume komini na jina kamili la wote wawili na tarehe ya ndoa, akiipata anaweza kukuletea kwa njia ya mpaka wa Manyovu. Ikija itakuwa Kifaransa au Kirundi, hivyo itafsiriwe na mtu anayetambulika, Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, wanafanya kazi ya tafsiri na kuithibitisha, usimpe kijana wa steshenari. Ikishindikana kabisa usikate tamaa, wale ndugu wa Ujiji waliosimama ukumbini ni mashahidi na picha zipo, mahakama inaweza kupokea ushahidi huo kwamba ndoa ilikuwepo.

Sababu ya talaka unayo. Kwetu hapa mahakama inatafuta kitu kimoja, kama ndoa imevunjika kiasi kwamba haiwezi kutengenezeka, na moja ya vithibitisho ni mwenzio kukutelekeza kwa miaka mitatu au zaidi, kingine ni uzinzi. Wewe una vyote viwili. Usiende pale kuanza kumtukana yule mwanamke wa Uvira, eleza tarehe, uliondoka lini, mara ya mwisho kutuma hela ya watoto lini, sauti ile ilikuja lini. Na andika kwa Kiswahili kabisa, toka 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili.

Mumeo atatakiwa kupelekewa wito. Hapa ndipo pataenda taratibu na uwe na subira, maana yuko nchi nyingine. Ukiwa na anwani yake Uvira itaje, usiifiche eti ili asijue, mtu akificha anwani hukumu inakuja kupinduliwa. Akipatikana akakaa kimya, au asipopatikana na mahakama ikaruhusu wito utangazwe gazetini, shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja ukapata talaka yako bila yeye kukanyaga Kigoma.

Nyumba ya Gungu. Nimeona hilo ndilo limekushika kuliko hata ndoa mpya na sikulaumu. Sheria inasema ndoa peke yake haibadilishi umiliki wa mali ya mtu, na mali iliyo kwa jina la mke inachukuliwa ni yake mpaka mwingine athibitishe vinginevyo. Kinachogawanywa ni mali mliyochuma kwa nguvu za pamoja. Kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya 1983 ndio ilituwekea msingi kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango, lakini huyu wako hakukupikia, hakukulelea watoto, hakukutumia tofali, atasema alichangia nini? Kusanya risiti za bati na saruji, karatasi ya kununulia kiwanja, jina la fundi. Kama karatasi ya kiwanja imeandikwa tarehe baada ya 2015 iweke mahali pakavu.

Watoto omba kwenye shauri hilo hilo wakae na wewe, na uombe matunzo hata kama unajua hatatoa leo. Wameshakuwa wakubwa, mahakama inaweza kuwasikiliza wanataka nini.

Hela ya wakili kama huna, waulize wasaidizi wa kisheria, sheria ya msaada wa kisheria ya 2017 inawatambua, ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa itakuelekeza walipo. Ukishapata hukumu chukua nakala iliyogongwa muhuri pamoja na hati ya amri ya talaka, ukaisajili kwa msajili wa ndoa na talaka RITA, hapo ndipo bomani hawatakuwa na neno. Ila ukija kutaka kitu Burundi yenyewe, kiwanja au kubadilisha kumbukumbu za komini, huko wana utaratibu wao wa kuipokea hukumu ya nje na utahitaji wakili wa kule.

Na mwalimu wako mpe hii barua aisome yote. Akikuharakisha mfunge kimya kimya nyumbani kwanza mengine baadaye, nitashangaa na ningetaka ujiulize mara mbili. Akisema nasubiri, basi kesho asubuhi kabla hujashuka Kibirizi pitia ofisi ya kata ukaulize baraza linakaa siku gani.