Wewe uliyepangiwa mkoani, msome Mikszáth

Kama umeanza kuandikia gazeti kutoka mkoani na unajiona umetupwa, nina mtu wa kukusimulia. Mimi nilianza hivyohivyo, nalipwa kwa stori iliyotoka tu, na mwaka mzima niliupoteza nikihesabu siku za kuhamia makao makuu. Wakati ule sikuwa namjua Kálmán Mikszáth, mwandishi wa Hungaria.

Alizaliwa mwaka 1847 katika kijiji cha Szklabonya, Hungaria ya zamani. Leo kijiji hicho kiko Slovakia. Alisomea sheria asimalize, akaajiriwa ofisi ya serikali huko Balassagyarmat, chini ya Mátyás Mauks. Akampenda Ilona, binti wa mkuu wake, wakaoana 1873 bila ridhaa ya baba. Wakahamia Pest, upande mmoja wa mji mkuu Budapest, ili awe mwandishi. Kitabu chake cha kwanza hakikupata wasomaji, fedha hazikutosha, na ufukara ukaivunja ndoa. Mwaka 1878, akiwa na miaka 31, akaondoka mji mkuu kwenda Szeged, kusini, kwenye gazeti la Szegedi Napló.

Wengi wangesema amerudi nyuma. Machi 1879 mto Tisza ukavunja tuta usiku ukaumeza mji. Kati ya nyumba zaidi ya 5,000, zilizobaki zimesimama ni mia chache tu. Aliyeteuliwa kusimamia ujenzi mpya aliitwa Lajos Tisza, jina lilelile la mto! Mikszáth akaandika kijitabu cha kumtania, yeye na watu waliomzunguka. Mimi naamini Szeged ndiko alikokomaa: ukiandikia mji mdogo, uliyemwandika leo utakutana naye sokoni kesho, kwa hiyo unajifunza kuandika bila kumdhalilisha mtu.

Aliporudi mji mkuu alitoa vitabu viwili vya hadithi fupi, 1881 na 1882, kuhusu watu wa milima ya kwao, na hapo ndipo nchi ilipomjua. Tafuta ile ya Anna Bede, kurasa chache tu. Ni siku ya baridi mahakamani. Msichana anaingia na karatasi ya hukumu: kifungo cha nusu mwaka. Majaji wanamwambia aanze kukitumikia. Ndipo inapojulikana kwamba si yeye aliyehukumiwa. Dada yake, Anna, amefariki, na mama amemtuma mdogo akalipe deni la kifungo ili marehemu apumzike. Jaji anayeongoza kikao anamwambia arudi nyumbani, karatasi ile ilikosewa, Anna hakuwa na hatia. Mikszáth hakutwambia tulie. Alituonyesha karatasi na mikono iliyoishika. Mtu aliyewahi kukaa ofisi za serikali anajua karatasi ya namna hiyo inavyoogopesha nyumba nzima.

Nami niliwahi kuandika kesi ya kijana aliyefungwa miezi sita. Daftari bado ninalo: namba ya kesi, kifungu, jina la hakimu, hukumu. Mama yake alisimama nyuma ameshika viatu vya mwanawe kwenye mfuko wa rambo, maana aliamini wataondoka pamoja. Niliviona vile viatu, nikadhani si habari, sikuviandika. Inaniuma hadi leo.

Kwa hiyo gawa daftari lako: ukurasa wa kushoto andika yaliyosemwa, wa kulia andika uliyoyaona. Upande wa kulia ukibaki mtupu, usiondoke bado.

Jambo moja usimuige. Alikuwa hodari wa kuandika vijimambo vya bungeni, lakini tangu 1887 naye akawa mbunge wa chama tawala, na aliendelea kuandika kuhusu wenzake hadi miaka yake ya mwisho, alifariki 1910. Kalamu ilikuwa tamu, ila msomaji hawezi kujua imetulia wapi. Chagua kiti kimoja.

Na Ilona? Mambo yalipotengemaa alimwomba tena, wakafunga ndoa ya pili mwaka 1882.

Kesho ukienda mahakamani, usikae mbele na mawakili. Kaa karibu na mlango, wanakosimama ndugu wa washtakiwa.